Mkuki Uliorudi Uking'aa

Mkuki ulirudi uking'aa kama sufuria mpya, na aliyeurudisha alikuwa anatabasamu. Naanza na lile tabasamu kwa sababu mpaka leo likinijia damu inanichemka. Kijana wa ofisi iliyouazima alishuka kwenye gari pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, akakunjua kitambaa cha satini ya bluu na kusema, "Mzee, tumekupendezeshea." Mhunzi, mwenye mkuki, aliupokea kwa mikono miwili. Jani la mkuki lilikuwa limesagwa kwa grinda. Mpini ulikuwa umekatwa kiasi cha kiganja ili uenee kwenye kabati la kioo, kisha ukapakwa vanishi. Pete saba za waya wa shaba, zilizokuwa zimezungushwa kwenye mpini karibu na chuma, hazikuwepo. Mhunzi aliugeuza mara moja tu. Hakumtazama kijana. Alinitazama mimi.

Mimi ndiye niliyemshawishi auazimishe. Nalisema hili mapema, ili hasira nitakayoimwaga hapa isionekane kama hasira ya mtu asiye na kosa.

Kwa ambaye hajawahi kusikia, nieleze pete zile zilikuwa nini. Katika ukoo wa mhunzi, mkuki wa familia hauendi kwa mtu kimya kimya. Anayeupokea husimama mbele ya ndugu, ncha ikitazama chini. Anayeukabidhi humshika mkono, akakipitisha kidole gumba cha mpokeaji juu ya pete, moja baada ya nyingine, akitaja jina la aliyeifunga. Wakifika mwisho, mpokeaji hufunga pete yake. Majina hayo hayatajwi ovyo. Hutajwa siku hiyo, na hutajwa tena na mwenye mkuki akiwa peke yake, mara moja kwa mwaka, anapoupaka mafuta. Hayakuwa yameandikwa popote. Mhunzi alikuwa wa saba, na alikuwa anajiandaa kumkabidhi binti yake, yeye mwenyewe angali hai, macho yake yakiwa bado yanaona. Hicho ndicho tulichokuwa tumekibeba tulipouazima mkuki ule, na hatukujua.

Nilifahamiana naye kwa kugombezwa. Nilikuwa mwalimu mgeni, nimetoka kwetu Uyole, Mbeya, kuja kufundisha historia katika shule moja jirani na Ipogolo. Niliandika ubaoni, kama nilivyofundishwa na mimi, kwamba mababu zetu walishindwa na Wajerumani kwa sababu ya "silaha duni kama vile mikuki". Kesho yake, saa ya mapumziko, mzee mmoja mfupi, mwenye mabega mapana na aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche, alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Mkononi alikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi.

"Kamwene," alisalimu kwa Kihehe, kisha akahamia Kiswahili. "Namtafuta aliyeandika duni."

Wenzangu wote walinigeukia. Nikasimama.

"Ni wewe, mama? Umewahi kushika mkuki?"

"Hapana, mzee."

"Umewahi kuona unavyofuliwa?"

"Hapana."

"Sasa huo uduni umeupimia wapi?"

Akaufungua mzigo wake juu ya meza yenye madaftari, mwalimu mkuu akaokoa kikombe chake cha chai. Ulikuwa mkuki aliofua yeye mwenyewe, mpya, mrefu kuliko mimi. Nilidhani atanitukana mbele ya watu. Badala yake aliniambia ninyooshe kidole kimoja. Akaulaza mkuki juu yake, akausogeza mbele kidogo, nyuma kidogo, kisha akauachia. Ukatulia. Haukuinama upande wowote.

"Bunduki ilitushinda," alisema. "Sibishi. Mwenye bunduki anakuua kabla hujamfikia. Lakini kushindwa ni kushindwa. Kitu duni ni kile kilichotengenezwa na mtu asiyejali. Usiwachanganyie watoto mambo hayo mawili."

Mchana ule nilifuta ubao na kuanza somo upya. Tangu siku hiyo nikawa napita bandani kwake kila nilipopata nafasi, nikiuliza maswali kama mtoto wa darasa la kwanza, naye akanijibu yote, isipokuwa nilipouliza swali ambalo ningeweza kujijibu kwa kutazama. Hapo alikuwa akisema tu, "Tazama, mwalimu," na kuendelea na kazi.

Banda lake lilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu, na barabara ndiyo iliyomlisha chuma. Malori yanayotoka Mbeya hufika pale yamechoka, na springi zilizokatika hubaki kando ya gereji. Springi ya lori, alinifundisha, ni chuma kinachojua kupinda na kurudi. Nondo za ujenzi hazifai. "Nondo ni chuma cha kulala kwenye zege," alikuwa akisema kwa dharau, kana kwamba anamzungumzia mkwe mvivu. Alikipasha chuma mpaka kiwe na rangi ya papai lililoiva, akakipiga mpaka kikaota mgongo katikati ya jani. Mgongo ule si urembo. Ndio unaozuia jani lisipinde likigonga mfupa. Kisha alifua shingo, na chini ya shingo akakunja bati nene kuwa tundu la kuingizia mpini. Mpini ulikuwa wa mkole, mti mwembamba na mgumu, aliounyoosha kwa moto na kuupaka mafuta ya ng'ombe. Chini kabisa alivalisha kisigino cha chuma, kidogo, cha kuusawazisha mkuki na cha kuuchomeka ardhini.

Alikuwa mtu wa mambo yanayogongana. Huyu huyu aliyewatukana watu kwa kutumia grinda, moto wake ulipulizwa na feni ya umeme aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya saluni. Nilipomcheka alisema moto haujali nani anaupuliza, bali chuma kinajali nani anakigusa. Huyu huyu aliyeweza kukueleza kwa saa nzima mahali pa kumchoma nyati, hakuweza kumchinja kuku. Kuku akihitajika, alimbeba chini ya kwapa mpaka kwa jirani yake mwenye duka, Mwislamu ambaye wazazi wake walikuja Iringa kutoka pwani, na alisimama nyuma ya duka amegeuza uso mpaka aambiwe tayari.

"Mhehe mzima, mfua mikuki," mwenye duka alikuwa akimtania, "unaogopa tetea!"

"Siogopi. Tetea hajanikosea kitu."

"Na mimi amenikosea nini?"

"Wewe unamwombea kwanza. Mimi nitamwambia nini?"

Mimi pia alinitania, kwa ndizi. Kila nilipokataa ulanzi wake, pombe ya mianzi, alitikisa kichwa. "Mnyakyusa, bila shaka unangoja ndizi ichacheshwe." Nami nilimjibu kwamba kwetu Uyole hatunywi maji ya mianzi, tunawaachia wenye koo la mbuzi. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Utani huo ndio uliokuwa kiti alichonipa bandani.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo hayakuwa na utani kwake. La kwanza ni mikuki ya maigizo. Kikundi cha ngoma kilimletea mikuki yao awanyooshee, imetengenezwa kwa nondo zilizogongwa bapa na kupakwa rangi ya fedha. Aliitazama, akauliza wanacheza ngoma gani. Wakamwambia ngoma ya vita. Akawaomba mmoja wao amwoneshe. Kijana akaruka mbele, akaurusha mkuki wenye jani pana hewani, akaudaka kwa madaha.

"Umekufa," alisema mhunzi.

"Nini, mzee?"

"Huo mpana hautupwi. Umeurusha, umebaki mikono mitupu, na adui sasa ana mikuki miwili. Kaa hapo nikueleze."

Na aliwaeleza, nami nikiwa nimekaa juu ya gogo lake nikisikia kwa mara ya kwanza jambo ambalo sikuwahi kulisoma katika kitabu chochote cha shule. Mpiganaji wa huku kwetu hakubeba mkuki. Alibeba mikuki. Mkono wa kushoto, nyuma ya ngao, alishika kadhaa myepesi, yenye jani dogo na mpini mrefu. Hiyo ndiyo ya kurusha, na kila mmoja aliurusha akijua hataupata tena. Pamoja nayo alikuwa na mmoja mzito, jani pana, mpini mfupi. Huo hakuuachia mkononi mpaka mwisho. Ulikuwa wa kuchoma kwa karibu, ngao kwa ngao, umbali wa kusikia pumzi ya mwenzio. "Wa kurusha ni wa hesabu," alisema. "Wa kuchoma ni wa moyo. Huwezi kumchoma mtu hujamtazama."

Ndiyo maana alichukia habari za redio zikisema kwamba watu fulani walishambuliana "kwa silaha za jadi". Alikuwa akiizima redio. "Panga ni silaha ya jadi? Jiwe? Rungu la mti wa uzio? Wanavikusanya vyote kama takataka." Alichukia zaidi mikuki ya kuuzia watalii, yenye shanga, inayofunguka vipande vitatu ili iingie kwenye begi. Siku moja alifungua mmoja, akaufunga, akaufungua tena, uso wake ukiwa kama wa mtu anayeonja maziwa yaliyoharibika. "Adui atakaa chini akusubiri uukaze?" Nilicheka siku ile. Sasa nikikumbuka sicheki sana. Tumejifundisha kuuza vitu vyetu kwa kuviondolea kazi yake, kisha tunawaambia watoto kwamba havikuwa na kazi.

Kuhusu uwindaji alizungumza kwa sauti ya chini zaidi. Hakuwa mwindaji. Kuwinda bila kibali alikuita wizi, na hakuwafulia watu aliowashuku. Aliwahi kumrudisha mteja mmoja kwa sababu aliomba mikuki minane myembamba bila kueleza ya nini. Lakini alipokuwa kijana alifuatana na wazee walioruhusiwa kuua nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mahindi, na aliyoyaona huko aliyahifadhi. Nguruwe pori, alisema, humrushii mkuki. Unapiga goti, unakanyaga kisigino cha mkuki kwa mguu wa nyuma, ncha inaelekea kifuani kwake, na unamwacha aje. Yeye ndiye anayejichoma kwa mbio zake. Kazi yako ni kutokimbia. Na nyama ilipogawanywa, paja la mbele lilikwenda kwa aliyemtoa damu kwanza, hata kama mwingine ndiye aliyemwua, kwa hiyo kila mkuki ulikuwa na alama ya mwenyewe karibu na shingo.

"Kwa hiyo kila mkuki unaandikwa?" nilimuuliza.

"Unaandikwa. Mnadhani kuandika ni karatasi tu."

Nililipenda jibu lile. Nililitumia darasani. Ningelielewa vizuri, nisingefanya nilichofanya baadaye.

Ofisi moja ilikuwa inaandaa chumba cha utamaduni, na kulikuwa na mgeni rasmi anakuja kukifungua. Walipita shuleni wakiomba vitu vya zamani. Mimi nilijua mahali ulipo mkuki wa kweli. Ulikuwa umetundikwa juu ya kitanda cha mhunzi, jani jeusi lenye mistari kama ya mbao, chuma kilichoyeyushwa na watu wa huku huku kabla ya springi wala lori. Nikaenda na yule kijana wa ofisi. Mhunzi alikataa. Nikarudi peke yangu, akakataa. Mara ya tatu nilimwambia maneno ambayo leo yananichoma. "Mzee, ulinijia shuleni ukanikataza kuwaambia watoto kwamba mkuki ni duni. Haya, waoneshe."

Nilimpiga kwa fimbo yake mwenyewe, naye alikuwa mtu mwaminifu mno kuikwepa.

"Huu hauangaliwi," alisema mwishowe. "Huu unashikwa. Lakini sawa."

Alinipa masharti, nikayaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Usioshwe. Usifutwe kwa kitu chochote ila kitambaa chenye mafuta. Ulazwe, usisimamishwe. Pete zisiguswe. Kijana alisoma, akatia sahihi, akakunja karatasi mfukoni. Jumatatu asubuhi tuliuchukua, mimi nikiwa nimeshika upande wa jani, kijana upande wa kisigino, tukiupeleka kwenye gari kama mgonjwa. Mhunzi hakutoka nje.

Siku ya ufunguzi sikuenda, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Hilo nalo siwezi kujisamehe kirahisi.

Uliporudi unang'aa, nilikwenda ofisini siku hiyo hiyo, chaki bado mikononi. Yule kijana alishangaa kweli. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungejua pa kumshika.

"Mwalimu, ulikuwa na kutu."

"Ile haikuwa kutu. Ile ndiyo rangi yake."

"Mgeni rasmi angeiona kutu. Ningemwambia nini?"

"Na karatasi niliyokuandikia?"

"Nilimpa fundi."

"Alisoma?"

Akakuna shingo. "Fundi yule, mwalimu, anafanya kwa kuona."

"Na pete?"

"Pete zipi?"

"Waya wa shaba. Saba. Kwenye mpini."

Uso wake ukafunguka, akawa kama mtu aliyepata nafasi ya kujitetea. "Ah, zile! Fundi alidhani mpini ulipasuka, mtu akaufunga waya. Si unajua tunavyofunga mipini ya majembe? Tukaona aibu, mkuki wa kihistoria umefungwa waya kama jembe la kukodi. Akazitoa, akachunguza, akashangaa mpini mzima kabisa."

Alishangaa mpini mzima kabisa. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu afunge waya mara saba kwenye mpini usiopasuka. Hilo ndilo nililotaka kulipiga kelele pale ofisini, na nilipiga. Walitoka watu vyumba vya jirani. Nikawaeleza, kwa sauti ambayo wanafunzi wangu hawajawahi kuisikia, kwamba grinda inapochoma chuma cha zamani, makali hugeuka bluu na ule ugumu uliotiwa na moto wa polepole huondoka, haurudi. Kwamba mpini uliokatwa kiganja kimoja haukai tena juu ya kidole. Kwamba walichokiweka kwenye kabati la kioo kilikuwa mfano wa mkuki uliotengenezwa kwa kuua mkuki wenyewe. Mkubwa wao alinisikiliza kwa heshima. Alisema ofisi itaandika barua ya kuomba radhi, na kwamba tayari walikuwa wameandaa cheti cha shukrani, chenye fremu.

Nilikwenda kwa fundi wa grinda. Shaba yote iliyotoka kwenye kazi zake, alisema, huwapa wanaopita wakikusanya vyuma chakavu. Nilizunguka kwa wakusanyaji hao siku mbili nikifukua mafundo ya waya za redio na mota. Shaba ni shaba. Hakuna pete iliyokuwa na jina.

Mhunzi alikipokea kile cheti na kukiweka chini ya mguu mfupi wa meza yake ya kazi, fremu na kioo na vyote, mpaka kioo kikapasuka. Hakunifukuza bandani. Lakini utani uliisha. Nilipopita alisema, "Karibu, mwalimu," kwa adabu ile anayopewa mtu wa serikali. Mwaka ule nilihamishwa kurudi Mbeya, shule ya Ilomba, na nakiri nilishusha pumzi.

Binti yake ndiye aliyenitafuta. Anauza vipuri vya malori pale Uyole, mwanamke mwenye sauti ya kuzidi injini, na alinikuta sokoni nikichagua viazi.

"Mwalimu, baba anakabidhi Jumamosi. Kasema uje. Na uje na kalamu."

"Bado anakukabidhi?"

"Unadhani mkuki ukiumwa unaachwa?"

Tulisafiri pamoja. Kwa mhunzi kulikuwa na ndugu wa kutosha kujaza ua, wazee kwenye mabenchi, akina mama kwenye mikeka, na baba mdogo mmoja aliyekuwa bado ananung'unika kwamba mwanamke atafanya nini na mkuki.

"Mkuki unataka mkono," mhunzi alimjibu. "Haujawahi kuuliza ndevu. Kaa."

Watu wakacheka, baba mdogo akakaa. Mhunzi alikuwa amekonda, lakini bado alisimama wima. Aliutoa mkuki. Ulikuwa vile vile, vanishi na makali ya bluu na ufupi wake. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kwa nini hakufunga pete nyingine sita mahali pa zile.

"Pete hufungwa na mwenyewe," alisema. "Nikimfungia marehemu, nitakuwa nimemsemea uongo."

Binti alisimama, ncha ikitazama chini. Baba yake akakishika kidole chake gumba na kukiweka kwenye mti mtupu wa mpini, pale pete zilipokuwa. Akataja jina la kwanza. Akakisogeza kidole, akataja la pili. Akakisogeza tena, akanyamaza.

Tulingoja. Akarudi mwanzo, akataja la kwanza na la pili haraka haraka, kama mtu anayekimbia ili aruke mtaro. Akafika pale pale, akasimama.

"Wa tatu alikuwa na fundo," alisema. "Alimaliza waya kwa fundo, linaelekea kushoto. Fundo ndilo lililokuwa linamtaja."

Aliwageukia wazee. Shangazi mmoja akataja jina; hapana, huyo alikuwa wa tano. Baba mdogo, ambaye sasa hakuwa na dharau yoyote, alifumba macho, akatikisa kichwa. Alikuwepo siku mhunzi alipokabidhiwa, alisema, lakini alikuwa kijana na alikuwa anaangalia sufuria za nyama. Hakuna aliyecheka. Mhunzi akaendelea: wa nne, wa tano, wa sita. Wa saba akasema, "Mimi."

"Mwalimu," aliniita. "Andika."

Niliandika majina kwenye daftari, kila moja mstari wake. Sitayataja hapa, si yangu. Nilipofika mstari wa tatu, mkono wangu, wenye mazoea ya kujaza fomu, uliandika neno ambalo huwa tunaliandika.

"Umeandika nini hapo?"

"Hajulikani."

"Futa."

Nikafuta.

"Anajulikana. Mimi nilikuwa namjua mpaka Jumatatu ile mlipokuja kuuchukua. Usimwandike yeye kama ndiye mwenye kosa la kupotea. Andika mlichofanya."

Ua wote ulikuwa unanitazama. Niliandika, kalamu ikikwaruza: wa tatu alikuwa anajulikana, tulimpoteza sisi. Akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma.

"Sisi kina nani?" aliuliza.

Nikaandika jina langu. Akataka nilisome nalo, mbele ya ndugu zake wote, na nilisoma. Ndipo akamgeukia binti yake, akampa waya.